UTUMWA HAUKUISHIA SOKONI UNGUJA



Katika kikao cha Tume ya Haki na Amani hapa Igawa, kijana mmoja alitusomea kutoka katika simu yake, kwenye kamusi elezo ya mtandaoni, habari za kukomeshwa kwa utumwa. Alisoma vizuri. Mabwana wa Ulaya walihurumia, mkataba ukatiwa sahihi, soko la Unguja likafungwa mwaka 1873, watumwa wakawa huru. Mzee aliyeketi benchi la nyuma akauliza jambo moja tu: kama ndivyo, mbona bibi yake, aliyetekwa angali mtoto katika vita vya Usangu, alikuwa bado mali ya mtu siku Wajerumani walipojenga boma lao Iringa? Kijana hakuwa na jibu, wala sisi hatukuwa nalo pale pale. Tunalitoa sasa, nalo limechelewa.

Tuseme wazi. Mkataba alioutia sahihi Sayyid Barghash tarehe 5 Juni 1873, kwa kushinikizwa na John Kirk na manowari za Kiingereza, ulipiga marufuku kusafirisha watumwa baharini na kufunga masoko ya hadharani. Haukumpa uhuru mtumwa aliyekuwa tayari shambani kwa bwana wake. Unguja na Pemba zilingoja mpaka 1897, na hata hapo ni mtumwa aliyetakiwa kwenda mahakamani kuomba uhuru, naye asipoonyesha makao na riziki aliweza kuhesabiwa mzururaji. Bwana alilipwa fidia. Mtumwa hakupewa hata jembe. Masuria waliachwa kando mpaka 1909.

Na huku bara je? Wajerumani, waliojigamba kwamba wamekuja kuuzima utumwa, hawakuufuta kamwe. Walitoa hati za uhuru kwa maelfu ya watu, hilo hatulikatai. Lakini agizo lao la 1901 liliweka utaratibu wa mtumwa kujikomboa kwa fedha, au kuhama kutoka kwa bwana huyu kwenda kwa yule mbele ya ofisa wa serikali, na mwaka 1904 wakatangaza kwamba watoto wa watumwa watakaozaliwa baada ya tarehe 31 Desemba 1905 watakuwa huru. Mama aliyemzaa mtoto huyo alibaki alivyokuwa. Sheria iliyoufuta utumwa Tanganyika ilitungwa na Waingereza mwaka 1922. Hesabuni wenyewe: miaka 49 baada ya soko kufungwa.

Masimulizi yanayokomea 1873 yanawafuta watu hao wote. Tena yanawanyang'anya watumwa sifa ya kujikomboa wenyewe. Mwaka huohuo wa 1873 watumwa wa mashamba ya miwa ya Pangani waliasi, na watoro wakajijengea kijiji chao Kikogwe. Huko Fuladoyo, nyuma ya pwani ya Kenya, katika miaka ya 1880 watoro waliishi pamoja na Wakristo Wagiriama pasipo mmisionari wa Kizungu wa kuwaongoza. Na katika nyanda zetu hizi za juu kusini, wanawake kama Narwimba na Chisi walisimulia jinsi walivyotekwa, walivyobadilishwa kwa bidhaa, walivyotoroka na kutafuta mtu wa kuwalinda. Mmisionari wa Kimoravian, Elise Kootz-Kretschmer, aliyaandika maisha yao kwa Kijerumani. Marcia Wright akayachapa kwa Kiingereza mwaka 1993. Ni wangapi kati yetu tumewahi kuyasikia kwa Kiswahili? Tunawashukuru ndugu zetu wa Moravian, na twaona haya kidogo.

Hatutalisemea Kanisa letu uongo pia. Ni kweli Papa Gregori XVI alilaani biashara ya watumwa mwaka 1839, na mwaka 1888 Papa Leo XIII aliandika dhidi ya utumwa, naye Kardinali Lavigerie akazunguka Ulaya akiutangaza uovu huo. Lakini ni kweli pia kwamba mwaka 1452 Papa Nikolasi V alimruhusu mfalme wa Ureno kuwatia wapagani katika utumwa wa kudumu. Huko Bagamoyo, walikohamia Mapadre wa Roho Mtakatifu mwaka 1868, watoto waliokombolewa kwa fedha walifundishwa na kubatizwa, nao pia walilima mashamba ya misheni chini ya nidhamu kali, wakaozwa kwa mpango wa mapadre, na wengine wakatoroka. Padre anayehubiri nusu ya kwanza na kunyamazia ya pili anawahubiria watu wazima kama watoto wa kipaimara.

Wapo watakaotuambia kwamba tunafukua makaburi na kuwachonganisha majirani. Sisi twauliza: nani basi anayenong'ona wakati wa posa kwamba ukoo fulani ni wa watwana? Makaburi hayo yamekuwa wazi siku zote. Na mtu aliyefundishwa kwamba utumwa ulikwisha kwa sahihi ya wakubwa, hamtazami mara ya pili dalali anayepandisha basini, hapa kwenye barabara kuu, binti wa miaka kumi na mitatu kwenda kufanya kazi za ndani mjini kwa ujira atakaoupokea mwingine. Sheria ya kuzuia biashara haramu ya binadamu ipo tangu 2008. Basi linaondoka.

Kamusi elezo ile huandikwa na wasomaji wenyewe, lakini hudai kila habari itegemee maandishi yaliyochapishwa. Kwa hiyo kulalamika hakutoshi. Tunawaomba walimu waumini wenye vitabu vya historia wakae na vijana wetu, waandike kwa Kiswahili sanifu miaka ya 1897, 1904, 1909 na 1922, wakitaja kitabu na ukurasa. Nao ushuhuda wa wazee usioandikwa popote tutaukusanya katika daftari la parokia, kwa ridhaa yao na bila kutaja ukoo pale wasipotaka, hadi tupate kijitabu cha kuchapa. Kila Jumuiya Ndogo Ndogo imteue mwandishi mmoja kabla ya tarehe 8 Februari, sikukuu ya Mtakatifu Yosefina Bakhita, aliyekuwa mtumwa huko Sudani. Mzee wa benchi la nyuma amekubali kuwa wa kwanza kusimulia.