Usisubiri upele ndipo ujue ni surua

Mtoto akishikwa na homa, mafua, kikohozi na macho mekundu yanayotoka machozi, hapa Kigongo ni rahisi kusema ni baridi ya ziwani. Lakini upele wa surua hutanguliwa na hali hiyo kwa siku mbili mpaka nne, na mtoto huwa ameshaanza kuambukiza wenzake. Mfungue mdomo kwenye mwanga. Ndani ya mashavu, mkabala na magego, unaweza kukuta vidoa vyeupe mithili ya chembe za chumvi.

Kisha upele huanzia nyuma ya masikio na usoni, ukashuka kifuani hadi miguuni. Vitabu husema ni mwekundu. Kwa ngozi yetu nyeusi wekundu huo huenda usiuone, basi papasa kwa kiganja utahisi mparuzo. Tetekuwanga ni tofauti, hutoa malengelenge yenye maji. (Kazi hii ya kupambanua vipele ni ya zamani kwetu: tabibu ar-Razi, aliyefariki karibu mwaka 925, aliandika kitabu cha kutenganisha ndui na surua.)

Linalonisikitisha ni ile kauli ya "mwacheni itoke yote". Mtoto anafungiwa ndani, haogeshwi, na wengine humkamulia majani machoni. Ndugu zangu, upele si uchafu unaosubiri kutoka. Surua huua kwa nimonia na kuharisha, nayo hupofusha, hasa mwili ukipungukiwa vitamini A. Hayo majani huzidisha balaa. Katika utafiti wa hospitali ya Mvumi, Dodoma, uliochapishwa mwaka 1987, watoto 88 wenye surua walipewa vitamini A wakafa 6. Kati ya 92 wasiopewa walikufa 12. Dawa hiyo hutolewa zahanati, siku mbili mfululizo.

Basi mpe maji, anyonye, aoge, na umpeleke mapema. Ukifika, mwambie muuguzi mlangoni kabla hujakaa katikati ya wenye vichanga, maana chanjo ya kwanza ni miezi 9 na ya pili 18, na walio chini ya hapo hawana kinga ya sindano. Madrasa asiende mpaka zipite siku nne tangu upele uanze. Akipumua kwa shida, akilegea au akishindwa kunyonya, usingoje kuche. Tangu Juni 2025 daraja la Kigongo na Busisi liko wazi, hata wa upande wa Sengerema hasubiri tena kivuko.