Nani Humchagua Mchezaji Bora wa Vijana?

Mwezi uliopita nilialikwa kutazama mashindano ya mpira wa vikapu ya vijana wa mtaani kwetu. Nikaketishwa kwenye viti vya wageni pamoja na wazee wenzangu ambao, nasema kweli, walikuja kwa ajili ya kahawa kuliko kwa ajili ya mpira. Fainali ilichezwa baada ya Alasiri, na kabla ya Magharibi tuzo zikagawiwa. Ile ya mchezaji bora alipewa kijana mrefu aliyetia vikapu vingi kuliko wote, naye alistahiki makofi aliyopigiwa. Lakini macho yangu muda wote yalikuwa kwa mwenziwe, kijana mwembamba ambaye karibu kila kikapu cha yule mrefu kilipitia mikononi mwake kwanza. Nikamwuliza msimamizi: yule ni nani? Akaitazama karatasi yake, akatikisa kichwa. Karatasi ile ilikuwa na majina ya wafungaji tu.

Nikakumbuka chuoni. Sisi tuliosomeshwa Kurani na maalim wa zamani twajua kwamba siku ya khitma mwenye sauti nzuri huketi mbele akasoma, na watu wakamsifu. Lakini nyuma yake maalim wetu aliweka mwanafunzi aliyehifadhi barabara, kazi yake kusikiliza tu. Msomaji akikwama, yeye humfungulia kwa neno moja, taratibu, hata waliokaa barazani wasijue kwamba palikuwa na kukwama. Utotoni sote tulitaka kuwa yule wa mbele. Maalim yeye alijua thamani ya yule wa nyuma, na halua ilipokatwa mafungu yao yalikuwa sawa.

Kosa hili si la mtaa wetu peke yetu. Hata kule wanakokusanyika mabingwa wa dunia, wenye vitabu vya hesabu na kamera za kila upande, kumtambua kijana bora ni kazi inayowatoa watu jasho.

Mwaka 2019 mashindano ya dunia ya vijana wasiozidi miaka 19 yalichezwa Heraklion, katika kisiwa cha Krete, nchi ya Ugiriki. Marekani ikatwaa kikombe, na mchezaji bora akatangazwa kuwa Reggie Perry, kijana wao wa miraba minne aliyetamba chini ya kikapu. Sisemi alipewa bure. Lakini tazama waliokuwa pamoja naye katika timu ile: Cade Cunningham, Jalen Green, Evan Mobley na Scottie Barnes. Miaka miwili baadaye, mwaka 2021, klabu za ligi kuu ya Marekani, NBA, zilipoteua vijana wapya, hao wanne ndio walioshika nafasi nne za kwanza, kwa mfuatano huo huo nilivyowataja. Perry alikwisha kuteuliwa mwaka 2020, wa 57 kati ya vijana 60.

Na alikuwapo Tyrese Haliburton. Huyu ndiye aliyenifanya nishike kalamu. Katika mashindano yale pointi zake hazikufika 8 kwa mchezo, lakini pasi zake zilizozaa vikapu zilikaribia 7 kwa kila mchezo. Waliochagua kikosi cha wachezaji watano bora walimtia humo, na nawapa heko, maana mwenye kusoma hesabu za pointi tu angempita bila ya kumwona. Hata hivyo mwaka 2020 walitajwa vijana 11 kabla ya jina lake. Mwaka 2025 aliiongoza timu ya Indiana mpaka fainali ya NBA, wakashindwa na Oklahoma City katika mchezo wa saba na wa mwisho, mchezo ambao yeye mwenyewe alitolewa baada ya kukatika ukano wa kisigino. Alifika huko kwa kazi ile ile ya Krete, ya kumfungulia mwenziwe.

Sasa niulize: ni wangapi wanakumbuka Marekani ilicheza na nani siku ile? Ilicheza na Mali. Naam, Mali ya Timbuktu, nchi ambayo wengi wa watu wake ni Waislamu kama sisi. Vijana wa Mali waliwatoa Ufaransa katika nusu fainali, wakawa timu ya kwanza ya Afrika kufika fainali ya mashindano hayo, wakafungwa 93 kwa 79. Chini ya kikapu walikuwa na Oumar Ballo, mzaliwa wa Koulikoro kandokando ya mto Niger, ambaye siku ya fainali alikuwa bado siku sita kutimiza miaka 17. Alikwenda Marekani, akacheza katika vyuo vikuu vitatu, Gonzaga, Arizona na Indiana, na mwaka 2025 uteuzi wa NBA ukapita bila ya jina lake kutajwa. Wapo watakaosema basi hakuwa kitu. Mimi nasema aliyoyafanya Krete aliyafanya, na hayafutwi na karatasi ya mtu mwingine.

Aliyeshindwa huonekana akiwa mrefu kupita kiasi. Mwaka 2021 huko Riga, Latvia, Victor Wembanyama wa Ufaransa alifunga pointi 22 na kuzuia mipira 8 katika fainali, akatolewa kwa makosa matano, na timu yake ikafungwa na Marekani 83 kwa 81. Tuzo ikaenda kwa Chet Holmgren, lakini dunia nzima ilimwona Wembanyama. Mtu kama mnara hafichiki. Mimi nasikitikia wa kimo cha kawaida.

Tena wako ambao hawakuingia uwanjani hata wakashindwa. Mpaka mwaka 2017 shirikisho la dunia la mchezo huu, FIBA, halikuruhusu kichwa kufunikwa katika mashindano yake. Mwaka 2014, katika Michezo ya Asia huko Incheon, wanawake wa Qatar waliambiwa wavue hijabu ndipo wacheze. Wakakataa, wakarudi kwao. Bilqis Abdul-Qaadir, akiwa mwanafunzi wa sekondari huko Massachusetts, alifunga pointi zaidi ya 3,000 naye kichwa amekifunika, akawapita wote wa jimbo lake, wavulana na wasichana. Alipotaka kwenda kucheza ng'ambo kwa malipo, sheria hiyo ikamfungia mlango. Yeye na wenziwe walipiga kelele mpaka ikabadilishwa, na tangu Oktoba 2017 hijabu imeruhusiwa. Lakini miaka yake ya ujana ilikwisha kwenda.

Siku ile mtaani kwetu haukuwako mchezo hata mmoja wa wasichana. Nilipouliza nikaambiwa tatizo ni mavazi. Nikajibu kwamba tatizo hilo lilikwisha mwaka 2017, basi atafute jingine. Hakulipata, akanimiminia kahawa. Na wazazi nasi tusijifiche nyuma ya dini katika jambo hili: ukuta wa kusitiri uwanja wawezekana kujengwa, walimu wa kike wako, na saa za baina ya Alasiri na Magharibi ni zile zile kwa mvulana na kwa msichana.

Nimemwahidi msimamizi kikombe cha mwakani, kidogo, cha bei ya mshairi, apewe mwenye pasi nyingi zilizozaa kikapu. Sharti langu ni moja: siku hiyo aketi mtu mwenye karatasi ya pili, ahesabu pasi tangu mchezo wa kwanza. Akasema karatasi ya pili ni gharama. Nikampa ya mfukoni mwangu, na juu yake nikaandika jina la yule kijana mwembamba. Nilikuwa nimelipata kwa mama muuza mahamri aliye nje ya uwanja, kwani ni mjukuu wake.