MAONI: Juni hakuna theluji Niseko, na viza ya utalii haikupi kazi

Kama uko kwenye magrupu mawili matatu ya WhatsApp ya kazi za ng'ambo, basi ushaona haya matangazo: kibarua cha hoteli Japani, eneo la kuteleza kwenye theluji, unaanza Juni, Kiingereza kinatosha. Picha ni ya mlima mweupe pe!

Sasa hebu tuongee ukweli. Niseko iko Hokkaido, kaskazini mwa Japani, na msimu wake mkubwa ni kuanzia Desemba hadi Machi hivi. Juni mlima ni kijani. Wageni huja kuukwea Mlima Yotei (mita 1,898), kucheza gofu na kupiga kasia kwenye mto Shiribetsu. Kazi zipo, sikatai. Kuna kutandika vitanda, kuosha vyombo, kuongoza wageni mtoni. Mji wa Kutchan hapo jirani unasifika kwa viazi, na wakati wa kuvuna mashamba yanataka mikono. Lakini nafasi ni chache kuliko za msimu wa baridi, na biashara kadhaa hufunga hadi theluji irudi.

Pesa je? Oktoba 2024 mshahara wa chini Hokkaido ulipanda hadi yeni 1,010 kwa saa, kitu kama Sh850. Piga hesabu ya saa nane, halafu linganisha na mjengo wa hapa Nairobi. Mimi niliacha chuo karo iliposhinda mzee, kwa hivyo najua vile hiyo hesabu inaingia kichwani mtu akiwa amekaa nyumbani miaka miwili. Siwezi kumcheka anayetamani.

Ninachokataa ni hii ya kuambiwa "enda na viza ya utalii, utabadilisha ukifika". Msee wangu wa Umoja aliitishwa Sh80,000 kwa mpango huo. Viza ya utalii Japani haikuruhusu kufanya kazi ya kulipwa hata siku moja. Ukishikwa unarudishwa, na deni la chama linakungoja JKIA.

Wale vijana unaowaona kwenye video wakifanya kazi Niseko wengi wao wana viza maalum ya kazi na likizo, ya watu wa miaka 18 hadi 30. Australia ilianza mpango huo na Japani mwaka 1980, na sasa nchi nyingi za Ulaya, Asia na Amerika ziko ndani. Afrika? Hakuna hata moja. Hilo ndilo linaloniuma. Viongozi wetu kila siku wanatuambia wametutafutia kazi majuu, na nyingi ni za udereva na za nyumbani huko Ghuba. Mbona hawakai chini na Japani waitishe hata nafasi mia tano za aina hii kwa mwaka? Kijana aende mwaka mmoja, afanye kazi, atembee, arudi. Kwani ni kijana wa Sydney pekee anayefaa kuona dunia?

Kwa sasa njia halali ni ngumu lakini ipo. Tangu 2019 Japani ina viza ya wafanyakazi wenye ujuzi maalum, na hoteli, mikahawa na kilimo zimo. Unafanya mtihani wa ujuzi na wa Kijapani, kiwango cha N4 hivi, yaani miezi mingi ya kukaa na daftari. Na aliye huko tayari kwa masomo anaweza kuomba kibali cha kufanya kazi saa 28 kwa wiki, na likizo ndefu hadi saa nane kwa siku. Huyo ndiye Mkenya anayeweza kwenda kuosha vyombo Niseko mwezi wa nane bila kuogopa polisi.

Wakala akikupigia, muulize jina la viza na jina la mwajiri, kisha uangalie kama kampuni yake imesajiliwa na Mamlaka ya Kitaifa ya Ajira. Akianza kukuambia nafasi zinaisha leo jioni, mwache azijaze na watoto wake.