Mgeni Njoo, Mwenyeji Apone

Mwezi wa Januari 2020 walimu watatu waliuawa Kamuthe, katika kaunti ya Garissa. Baada ya msiba huo Tume ya Kuajiri Walimu iliwahamisha walimu wengi wasio wenyeji kutoka Garissa, Wajir na Mandera, na watoto wakabaki madarasani bila ya mfundishaji. Siwalaumu walioondoka, roho tamu. Ninalouliza ni hili: mbona ilimu iliyokuwa karibu haikutumiwa?

Kambi za Dadaab zimo ndani ya kaunti hiyo hiyo. Zilianza mwaka 1991, na shule zake hufuata mitaala ya Kenya. Wako vijana wa Kisomali waliosoma humo tangu utotoni, wakafanya mitihani ya Kenya, na baadhi yao wakapata mafunzo ya ualimu. Mwalimu wa namna hiyo hufundisha kambini kwa posho, si kwa mshahara, na akitaka kwenda Garissa mjini hutakiwa awe na kibali cha safari. Cheti chake ni cha Kenya. Mgeni ni yeye mwenye cheti.

Insafu yataka tuseme kuwa sheria imelegezwa. Sheria ya Wakimbizi ya mwaka 2021 yamruhusu mkimbizi kufanya kazi iwapo ujuzi wake umetambuliwa, na atokaye nchi ya Jumuiya ya Afrika Mashariki yampa hiari ya kuuacha ukimbizi ili apate haki za Jumuiya. Somalia nayo ikawa mwanachama kamili Machi 2024. Lakini mikataba ya mwanzo ya Jumuiya ya kutambuana vyeti iliwahusu wahasibu, wasanifu majengo, wahandisi na madaktari wa mifugo. Ng'ombe akapatiwa mganga wake kabla ya mtoto kupatiwa mwalimu.

Wako waogopao usalama, na wako wasemao kuwa walimu wetu wenyewe hawana kazi. Hoja zote mbili ni nzito. Lakini usalama humchunguza mtu mmoja mmoja, haumhukumu kila mkimbizi. Na nafasi iliyoachwa wazi kwa kuhofia maisha, aliye radhi kuijaza hakumpora mtu.

Sisi wa pwani yafaa tuwe wa mwisho kusita. Habib Swaleh alitoka Ngazija akaja Lamu, akawasomesha hata waliodharauliwa, na Riyadha aliyoiasisi yasimama hadi leo. Lau asingalipokewa, hasara ingalikuwa ya nani?