Unayempiga picha akikimbia, mwachie pa kukimbilia

Nina picha moja iliyonipa laiki nyingi kuliko zote nilizowahi kupiga, na ndiyo ninayoionea aibu zaidi.

Ilikuwa Juni 2024, siku zile za maandamano ya kupinga Mswada wa Fedha. Niko Moi Avenue na simu yangu. Kijana akapita mbio mbele yangu, mdomo wazi, begi amelibana kifuani kwa mikono yote miwili. Nikabonyeza. Nikiwa kwenye matatu ya kurudi mtaani nikaikata ile picha pande zote hadi akabaki yeye tu: uso, begi, mguu mmoja hewani. Ilikuwa moto. Nikaiweka mtandaoni bila neno hata moja, kwa sababu nilidhani picha kali haihitaji maelezo.

Kufikia usiku watu walikuwa wameshamhukumu. Mwizi. Mporaji. "Hiyo begi ni ya nani?" mmoja akauliza, na wengine wakajaa hapo chini kucheka. Picha kamili, ambayo bado ilikuwa kwenye simu yangu, ilikuwa na moshi wa vitoza machozi upande wa kushoto, na wasichana wawili wakikimbia kuelekea huko huko alikokuwa anaenda, nao wamekumbatia mabegi yao vile vile. Alikuwa anakimbia moshi kama sisi wote. Mimi ndiye niliyemfanya mwizi, kwa vidole viwili tu kwenye skrini.

Kwa hivyo hebu tuongee kuhusu kupiga picha ya kitu kinachosonga. Najua unazipiga. Nganya ikikata kona, msee wa boda akiwa amebeba kitanda kizima, watoto wakicheza kati, beste yako akidensi. Najua pia ushauri uliopewa: tafuta simu kali zaidi. Mimi nasema shida yetu si simu. Shida ni kwamba tunampiga picha mtu anayeenda mahali, halafu tunafuta mahali anakoenda.

Hili sikulijulia chuoni. Chuo nilikiacha mwaka wa pili karo iliponishinda, na nikisema ukweli, hata madarasa yalikuwa yameanza kunichosha. Tulichorewa boksi lililogawanywa mara tisa, tukaambiwa mtu asiwekwe katikati, awekwe kwenye mstari wa pembeni. Hakuna aliyetuambia ni pembeni gani.

Aliyeniambia ni mzee mmoja wa mkokoteni. Nilikuwa nimempiga picha karibu na Marikiti, amejikunja, magunia ya viazi yamepanda juu yake, mshipa wa shingo umesimama. Nikajiona fundi, nikamfuata nimwonyeshe. Akaitazama kitambo.

"Kijana, hapa nimegonga ukuta. Njia yangu umeipeleka wapi?"

"Mzee, nilitaka uso wako uonekane vizuri."

"Uso unaonekana. Lakini siendi popote."

Akapiga mluzi watu wampishe, akaendelea na safari, maana viazi vya watu vilikuwa vinangojwa. Nikabaki naangalia skrini. Kweli, pua yake ilikuwa karibu iguse ukingo wa picha. Nyuma yake nilikuwa nimeacha nusu nzima ya fremu, barabara aliyokwisha kuipita.

Jaribu mwenyewe leo. Fungua galari yako, utafute picha ya mtu anayetembea, uikate mara mbili. Ya kwanza mwachie nafasi mbele. Ya pili iache nyuma. Ni mtu yule yule na hatua ile ile, lakini kwenye ya kwanza ana safari, na kwenye ya pili kuna kitu anakiacha au kinamfuata. Jicho la anayetazama hukimbilia upande ule anaoelekea aliye kwenye picha, na likikuta ukuta, linarudi.

Sasa usiende ukageuza hii kuwa sheria. Kuna wakati habari yenyewe iko nyuma. Tangu Safari Rally irudi kwenye mashindano ya dunia mwaka 2021, kila mwaka vijana wanafurika Naivasha na kamera. Gari la rali bila lile vumbi nyuma yake ni gari tu. Hapo kata mbele, uache mkia wote wa vumbi ujieleze. Mkimbiaji aliyewaacha wenzake mbali naye ni hivyo hivyo: usipoonyesha ile lami tupu iliyo nyuma yake, umemnyima ushindi wake.

Kuna picha ya zamani inayojulikana kama ya wavulana watatu wa Ziwa Tanganyika, iliyopigwa na Mhungaria Martin Munkácsi kama mwaka 1930. Wavulana wanatuonyesha migongo, wako uchi, wanaingia kwenye mawimbi mbio. Nyuso zao hatuzioni, na jina la picha halina majina yao, jambo ambalo huwa linanikera kidogo. Lakini maji yote yako mbele yao. Picha hiyo ndiyo iliyomwasha Mfaransa Henri Cartier-Bresson. Mwaka 1932 naye akapiga yake maarufu, nyuma ya stesheni ya Saint-Lazare kule Paris, ya mwanamume anayeruka juu ya dimbwi.

Ukiiangalia hiyo ya Paris utanishika shati. Huyo jamaa yuko karibu kabisa na ukingo wa kulia, na anaruka kuelekea huko huko! Tena ilikatwa, na Cartier-Bresson hakuwa mtu wa kupenda kukata picha zake. Sasa tazama kisigino chake. Kimebakisha kidogo tu kuguswa na maji. Anakoenda si kulia, ni chini, na maji hayo yote tunayaona. Mlango wa safari yake haukufungwa.

Tukija kwenye kazi yenyewe: acha kukimbizana na watu. Tafuta mahali kwanza. Simama uone mwanga unaangukia wapi na nyuma kuna nini, kwa sababu mlingoti unaoota kichwani mwa mtu huharibu picha nzuri kuliko mtikisiko wowote. Kwenye simu nyingi ukibonyeza skrini na kushikilia, fokasi inafungwa pale pale. Ifunge pale atakapopita, kisha ungoje. Akiingia, piga mfululizo. Ukirudi nyumbani chagua ile ambayo miguu yake imeachana na unaona mwanga kati ya goti na goti. Miguu iliyofunikana humfanya mtu aonekane amesimama kwa mguu mmoja kama korongo. Ukichuchumaa, kichwa chake kitapanda juu ya fujo la magari na kukaa kwenye anga. Na shikilia simu kwa mikono miwili, si kwa sababu ya kutikisika pekee. Hii ni Nairobi.

Kasi ya kamera pia inasema kitu. Ukipiga nganya kwa 1/1000 ya sekunde, magurudumu yanaganda na itaonekana imeegeshwa, hata kama dereva alikuwa anapaa. Shuka hadi 1/30, ifuate kwa kiuno chako wala si kwa mikono, ubonyeze huku bado unageuka. Gari litakaa, mji utayeyuka nyuma yake. Picha kumi za kwanza zitakuwa takataka, vumilia. Mchana wa jua usijaribu kwa simu, picha itaungua iwe nyeupe. Ngoja jioni au utafute kivuli cha majengo.

Utaniambia kwamba mtandao unataka picha ya kusimama wima, na kwenye wima hakuna nafasi ya kushoto wala kulia. Ni kweli, na naona hapo ndipo watu wengi tunapowagongesha ukuta. Basi badilisha mahali unaposimama. Panda daraja la wapita njia pale Thika Road uangalie chini. Barabara sasa inapanda kutoka chini ya picha hadi juu, na anayekuja ana njia ndefu kuliko ambayo ungempa ukiwa pembeni. Ikishindikana kabisa, iache picha iwe ya kulala, ipate laiki chache.

Na ukiikata, ile kamili usiifute. Yangu sikuifuta. Baada ya siku tatu niliiweka mtandaoni, na moshi wake na wale wasichana wawili, nikaandika kwamba nilikosea. Watu 41 waliipenda. Yule kijana nilimtafuta kwa kila aliyekuwa upande ule siku ile, na sikumpata. Ile ya kwanza niliiondoa kwenye ukurasa wangu, lakini watu walikuwa wameshaihifadhi. Mwezi uliopita niliiona tena kwenye grupu ya WhatsApp ya mtaa wetu, imekatwa hata zaidi. Mguu haupo, umebaki uso na begi.