Eko ya moyo: franga ya mgodi inaweza kuileta karibu na mutoto

Kwa kila watoto 1 000 wenye wanazaliwa, popote duniani, karibu 8 mpaka 10 wanakuja na moyo wenye kasoro. Hesabu hiyo haichagui Ulaya ao Afrika. Kwa hiyo, kule Kasongo, Kabambare na vijiji vya Wamaza, watoto hao wako. Tofauti ni kwamba kwetu wengi hawajulikane. Wanaandikwa kama wagonjwa wa nimonia, ao wa kifua kikuu, na pengine bibi mukongwe wa jirani njo anabeba lawama ya uchawi.

Dalili zenyewe muzazi anaziona mbele ya munganga. Mutoto anatoka jasho wakati wa kunyonya, anachoka na kuachia ziwa kabla ya kushiba. Haongezeki kilo. Anapumua mbio, nimonia inarudia kila mwezi. Wengine midomo na kucha zinageuka rangi ya bluu, na wakianza kutembea wanachuchumaa kila mara juu ya kutafuta pumzi. Infirmier akiweka stetoskopu anasikia muvumo ndani ya moyo, lakini sikio haliwezi kusema tundu iko wapi na ni kubwa namna gani. Radio ya kifua inaonyesha kama moyo umevimba. Ukuta wa ndani haiuonyeshe.

Chombo chenye kinaonyesha ndani ni eko. Kinatuma sauti yenye sikio la mutu haisikie, sauti inagonga nyama ya moyo na kurudi, mashine inachora picha. Wachimbaji watapenda kujua asili yake. Mwaka 1953, kule Lund, Sweden, munganga Inge Edler na mwana-fizikia Hellmuth Hertz walijaribu kwa moyo mashine ya kiwanda cha meli cha Malmö, yenye ilikuwa inatafuta nyufa ndani ya chuma. Leo eko inaonyesha pia damu inaelekea wapi, kwa rangi nyekundu na bluu. Haichome, haiumize, na haina mionzi kama radio.

Wamama wengi wanajua eko ya mimba. Ya moyo inafuata kanuni ileile, lakini inataka sonde yake na macho yenye yamefundishwa. Hapo njo kuna shida yetu.

Kuna watu wanasemaka: kama hapa hakuna wa kupasua moyo, picha ni ya nini? Swali ni la haki, na jibu lake linagusa mufuko. Kwanza, tundu nyingi ndogo kati ya vyumba viwili vya chini vya moyo zinajifunga zenyewe mutoto akikua. Familia yenye haina picha inaweza kuuza dhahabu yote na kusafiri mpaka Bukavu kwa kitu chenye kilitaka kungojea tu na kupima tena. Pili, tundu kubwa iko na saa yake. Damu nyingi ikipita kwa mapafu miaka na miaka, mishipa ya mapafu inakomaa, na siku moja wapasuaji wanasema: tumechelewa. Mutoto huyo alipashwa kuonekana katika miezi ya kwanza. Tatu, picha inasema uende wapi. Dar es Salaam kuna Taasisi ya Moyo Jakaya Kikwete, tangu 2015. Kampala kuna Uganda Heart Institute, pale Mulago. Zote mbili zinapasua mioyo ya watoto. Barabara ya zamani ya Kasongo, Kabambare mpaka ziwa Tanganyika inajulikana na wazee wetu. Lakini hakuna mutu anapashwa kuianza na mutoto mugonjwa bila kujua anaenda kufanya nini.

Je, manesi wa vijijini wanaweza kazi hii? Uganda inatupa mufano. Kule Gulu, kaskazini, manesi walifundishwa kuchungulia mioyo ya watoto wa masomo na eko ndogo ya mukononi. Walikuwa wanatafuta ugonjwa mwengine, ule wenye unaletwa na maumivu ya koo yasiyotunzwa. Hukohuko Gulu, utafiti wenye ulitoka mwaka 2021 ulifuata watoto 818 wenye eko ilikuta na ugonjwa huo mapema: kwa miaka miwili, kati ya wale wa sindano ya penisilini kila mwezi, moyo ulizidi kuharibika kwa 0,8 % tu, kwa wengine ilikuwa 8,2 %. Kasoro za kuzaliwa ni ngumu zaidi kusoma, kweli. Lakini nesi hatakiwi kutaja jina la ugonjwa. Anatakiwa kusema « moyo huu hauko sawa », na kutuma picha kwa mujuzi kwa telefone.

Inabaki franga. Eko ya mukononi inagharimu dola elfu chache, na paneli ya jua inatosha kuichaji. Sheria ya madini ya Machi 2018 inasema kampuni yenye permis ya kuchimba itoe angalau 0,3 % ya mauzo yake kwa maendeleo ya jamii zenye mgodi unazigusa. Kwa mauzo ya dola milioni 10, hiyo ni dola 30 000. Tena, 15 % ya redevance minière ni ya secteur ao chefferie yenye mgodi uko ndani yake. Watu wa Salamabila, wenye wameishi na mgodi wa Namoya, wanajua makaratasi hayo, hata kama faida yake hawaionaka kila siku.

Mara nyingi tunaomba masomo, daraja na pompi ya maji, na ni vizuri. Lakini cahier des charges ikifunguliwa tena, wawakilishi wa jamii waandike ndani: eko moja yenye sonde ya moyo kwa hopitali kuu ya zone ya afya, manesi wawili wa kufundishwa, na mujuzi mumoja wa kusoma picha kutoka mbali. Waandike pia kifaa kidogo cha kupima oksijeni kwa kidole, kwa kila materinite. Mutoto wa siku moja akiwa chini ya 95 %, apimwe tena. Ikibaki chini, atumwe kwa eko. Kifaa hicho hakilinganishwe na bei ya pikipiki moja.

Mikutano ya chefferie iko wazi kwa raia. Wazazi waende, na waulize 15 % ilifanya nini mwaka huu.