Jumba la Mtwana Umeingia Mara Ngapi?

Hebu fungua simu yako. Lazima kuna video ya mtu aliye Cairo, ngamia mbele, piramidi nyuma, nawe umeandika pale chini: "Siku moja, Inshallah." Hakuna ubaya, ndoto ni bure. Lakini kama unakaa Kuruwitu, Vipingo au Mtwapa, tunakuuliza: Jumba la Mtwana umeingia mara ngapi? Si kupita na matatu. Kuingia.

Kwa wengi wetu jibu ni sufuri. Tukifika upande ule ni kwa sababu ya ufuo au nyama choma ya Mtwapa, basi.

Na si Jumba peke yake. Barabara hii moja ya Mombasa hadi Malindi imebeba miji mitatu ya kale. Jumba ni mji wa karne ya 14 uliojengwa ukingoni kabisa mwa bahari: misikiti, nyumba, visima, makaburi. Ukielekea Kilifi, kabla hujavuka daraja, kuna Mnarani, magofu ya misikiti na kaburi lenye mnara, juu ya mwamba unaotazama mlango wa bahari. Mbele zaidi, ndani ya msitu karibu na njia panda ya Watamu, kuna Gede, mji uliokuwa na ikulu, msikiti mkuu, vyoo ndani ya nyumba na vyombo kutoka Uchina. Mwaka 2024 UNESCO iliutia Gede katika orodha ya Urithi wa Dunia, orodha ileile yenye piramidi unazozi-like kila siku.

Kwa nini ujali? Kwa sababu kwa miaka mingi tuliambiwa miji hii ilijengwa na wageni, na babu zetu walikuwa wabeba mawe tu. Wanaakiolojia kama Chapurukha Kusimba, Mkenya aliyechimba Mtwapa, wameonyesha kuwa huu ni ustaarabu uliomea hapahapa Afrika, ukafanya biashara na dunia. Utafiti wa vinasaba wa mwaka 2023, uliohusisha mabaki ya watu waliozikwa Mtwapa, ulikuta damu ya Kiafrika na ya Kiajemi zimechanganyika. Hadithi ni yako. Usipoenda kuijua, atakusimulia mwingine, na atakusimulia anavyotaka yeye.

Watu wa Kuruwitu wanajua kulinda chao. Walipoona samaki wanaisha na matumbawe yanakufa, walikubaliana kutenga sehemu ya bahari, hekta 30 hivi, asivue mtu. Tengefu hiyo ikarudisha samaki, na leo wageni hulipa kuiona. Sasa fikiria: kuta za Jumba, Mnarani na Gede ni mawe ya matumbawe na chokaa. Yaliyo hai baharini tumeyalinda. Haya yaliyosimama nchi kavu kwa karne kadhaa, nani atayalinda? Anayechonga jina la mpenzi wake ukutani? Acha hizo, bro. Mapenzi yataisha, mkwaruzo utabaki.

Utasema pesa hakuna. Kiingilio cha Mkenya ni cha chini kuliko cha mgeni, na nauli ya matatu si tiketi ya ndege. Mkiwa watano mkichanga, mnafika.

Nayo Makavazi ya Kitaifa na Kaunti ya Kilifi zina kazi. Maelezo yasomeke kwa Kiswahili na Kigiriama. Vijana wa vijiji jirani wafunzwe uongozaji wa wageni, walipwe. Kijana anayekula kutokana na gofu hatakubali libomolewe.

Kwa hivyo wikendi hii, kabla ya kuota Cairo, mwambie dereva: "Shukisha Jumba." Piga picha zako zote, weka mtandaoni. Safari hii wacha mtu wa Cairo ndiye aandike: "Siku moja."